Jina Langu Halimo Kwenye Karatasi

Nilikuwa na maneno mengi juu ya wanawake wanaopeleka watoto wadogo kwenye vituo vya kulelea. Niliyasema sokoni, niliyasema msibani, niliyasema hata mlangoni mwa msikiti tukitafuta viatu. Mtoto wa kwetu analelewa na bibi yake, nilisema, si na watu wanaofunga saa kumi na moja. Mjukuu wangu alipofika miaka miwili akagundua kwamba nyonga ya bibi yake haikimbii. Siku moja alipenya chini ya mkono wangu, akatoka getini, akashuka nusu ya kilima cha Old Kampala na kiatu kimoja mguuni, mimi nyuma yake nalia kama king'ora cha gari la wagonjwa lililokwama. Muuza mkaa ndiye aliyemdaka, hatua tatu kabla ya barabara.

Binti yangu ni askari polisi, na mumewe anaendesha lori la Juba. Aliporudi kazini sikumficha kitu. Hakunigombeza. Alisema tu:

"Mama, tafuta kituo. Wewe ndiye unayejua kuchagua."

Sifa hiyo ilinilewesha. Shule niliiacha darasa la pili, lakini nimeuza maharage soko la Kikuubo tangu binti huyu yuko mgongoni, na hakuna aliyeniuzia gunia bovu mara mbili. Tulikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha: unachoma gunia ubavuni, kinakutolea maharage ya ndani. Maana yale ya juu ni ya kuonyesha wageni. Mabovu yamelala chini. Nikaenda kuchagua kituo kwa akili hiyohiyo, na majivuno ya kujaza magunia sita.

Kituo cha kwanza kilikuwa kizuri mpaka kinatia shaka. Twiga ukutani, sakafu inateleza, msichana wa mlangoni amepaka rangi ya mdomo. Kabla sijasema nilichofuata akanitabasamia.

"Jaja, umekuja kumchukua mjukuu?"

Jaja ni bibi, kila mzee wa kike hapa ni jaja. Sijajibu, ameshaniletea mvulana mnene anayenyonya kidole, pamoja na begi lake. Simjui, hanijui. Basi nikachoma bambo mpaka ndani: nikampokea, nikatembea naye polepole mpaka getini, nikafungua komeo. Hakuna aliyeniita. Mvulana mwenyewe hakuona tatizo. Nikarudi naye.

"Huyu si wangu," nikamwambia msichana, "lakini asante kwa ukarimu."

Kisa hicho nilikieneza mtaa mzima, na kila nilipokisimulia mvulana alizidi kunenepa.

Kituo cha pili kilikuwa nyumba ya zamani ya Wahindi upande wa pili wa kilima, rangi imebanduka. Mwenyewe ni mama wa kaskazini, mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kama cha marehemu mume wangu. Alinifungulia kila mlango. Nikainua vifuniko vya sufuria, nikaonja uji, nikatia mkono chini ya magodoro, nikanusa mito. Alinifuata mpaka nilipopiga magoti kuchungulia chini ya kabati, na nyonga ikakataa kuniinua.

"Mama, umeona kitu," akauliza, "au nikusaidie?"

Nikampenda palepale, ila sikumwonyesha. Tulipokunywa chai akatoa karatasi.

"Nani wanaoruhusiwa kumchukua mtoto?"

"Mama yake na baba yake."

"Hao tu?"

"Hao tu. Asiyekuwamo humo usimpe. Hata imamu akija na msahafu mkononi."

"Nimeelewa," akasema, akaandika. Jina langu najua kuliandika, lakini nilitia kidole gumba, kikubwa, kimekolea wino, kama muhuri wa serikali. Kesho yake binti yangu akatia sahihi yake pembeni.

Wiki ya tatu binti, aliyekuwa akimchukua mwenyewe kila siku, akapiga simu saa tisa. Kazi imewabana, nikamfuate mtoto. Nikavaa nguo ya Idi. Njiani kila aliyenisalimu nilimwambia naenda kumchukua mjukuu wangu kwenye kituo nilichokichagua mwenyewe. Nikagonga geti.

Mama yule akachungulia kwenye kidirisha cha geti, akanisalimu vizuri, akaacha geti limefungwa.

"Haumo kwenye karatasi, Mama."

"Wewe hunijui?"

"Nakujua sana. Nilikuinua chini ya kabati."

"Basi lete mtoto."

"Ulisema hata imamu."

Hapo nikawaita wafu wote. Babu zangu waliokuja na jeshi kutoka Sudan, mama yangu aliyenizalia kwenye kilima hiki, mume wangu na nishani zake. Watu wakasimama kutazama. Muuza mkaa pia alikuwepo, na yeye alikuwa ameshaniona nikipiga kelele barabarani mara moja. Nikapiga simu ya binti, imezimwa. Mama yule hakubishana. Alitoa kiti na kikombe cha maji, akanipitishia upande wangu, akafunga tena komeo.

Nikakaa. Chini ya geti vikatokea vidole vinne vidogo. "Jaja," vikasema. Nikavishika. Na hapo, nguo ya Idi imejaa vumbi, nikamkumbuka yule mvulana mnene, jinsi nilivyomtembeza mpaka komeo na hakuna aliyeniita. Mtu yeyote angeweza kushika vidole hivi akaondoka navyo. Hasira ikaniishia taratibu, nikabaki na aibu tu, na maji ya kunywa.

Saa kumi na moja binti akafika na sare yake, akaonyeshwa karatasi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, na hiki kidole gumba ni cha nani?"

Akaniandikisha mwenyewe. Kesho yake nikaenda tena kumchukua mtoto. Tulikuwa tumeshakunywa chai pamoja, tumeshasameheana, nikadhani atafungua tu. Mama yule akaenda kuleta karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akinitazama na kurudi kwenye karatasi. Nami nikasimama wima kama kuruta, mikono ubavuni, nikingoja ajue mimi ni nani.