Gari Lililogoma kwa Joto

Nimefundisha katekismu miaka mingi, na Mungu amenipa uvumilivu, ila yule fundi wa Butembo namdharau hadi leo. Gereji yake iko mteremkoni. Gari lolote alilotengeneza alilisukuma kidogo, likateremka, likawaka, naye akasifiwa. Langu lilipogoma kuwaka likiwa na joto, alibadilisha demarere, ile mota ndogo inayozungusha injini, mara mbili. Kisha akalisukuma. “Mzee, imepona.”

Beni ni tambarare na kuna joto. Huko ndiko mke wangu alikofungwa plasta mguuni. Tulipotaka kurudi nyumbani Butembo niligeuza ufunguo: tak, kimya. Alikaa juani saa mbili nzima, askari wakitusukuma na kucheka. “Papa, hii ni gari ao chukudu?” Yaani ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Mke wangu akaapa kwamba hatapanda tena gari hilo, hata plasta imwozee mguuni. Na baada ya wiki sita daktari alimtaka arudi kuitoa.

Nilimrudia fundi.

“Gari hapana na shida, Mzee. Ni joto ya Beni. Uimwangie maji.”

“Wewe umeshafika Beni?”

“Miye? Kufanya nini kule?”

Nikafungua boneti mwenyewe. Waya uliotoka kwenye ufunguo hadi kwenye demarere ulikuwa mwembamba na mkuukuu. Ukipata joto, umeme uliishia njiani. Katika mabaki ya lori nilipata rele, kisanduku kinachopokea amri ya ufunguo na kupitisha umeme mwingi. Nikavuta waya mnene, wenye fyuzi, kutoka betri kupitia rele mpaka demarere, na mwingine mpaka koili, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini, ili zisidhoofike injini ikizungushwa. Kazi ya asubuhi moja. Fundi akapita, akachungulia. “Mzee, wewe ni katekista, hapana mekanisien.” Wala yeye hakuwa.

Siku ya daktari nililiendesha gari mpaka likachemka, nikalisimamisha kwenye uwanja wa kanisa ulio tambarare. Mke wangu alikuwa kwenye kiti, magongo mapajani.

“Zima. Washa.”

Likawaka.

“Zima tena.”

Mara nne. Ndipo akanipa magongo, akapanda.

Mchana, Beni, plasta imeshatolewa, liliwaka kabla hajafunga mlango. Jioni tulisali rozari ya shukrani. Mke wangu akamwombea fundi. Mimi niliitikia amina, kwa sauti ndogo.