Kunguru wa Dada Achieng

Juzi binti wa jirani alikuwa akifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza nyuma ya ua, nami, mtu nisiyetoka nyumbani hata nikialikwa, nikakumbuka jikoni kwetu kijijini Suna, nilipokuwa mtoto.

Moshi wa kuni ulichanganyika na harufu ya omena, dagaa wa ziwani. Dada Achieng, wa kidato cha tatu, alikuwa peke yake akinong'ona: "Giza, nifunike. Kunguru, mtoboe macho mume wangu, kiti chake kiwe changu."

Kwetu, anayezungumza na giza na kunguru ni jajuok, mchawi anayekimbia usiku. Shujaa mimi nilitoka mbio nikilia, "Baba! Achieng ni jajuok!" Baba akaja nami jikoni.

"We mjinga!" Dada akacheka. "Ni mchezo tu, Baba. Mimi ndiye mke wa mfalme. Ijumaa tunashindana Homa Bay."

Baba hakucheka. "Hebu rudia hayo ya kiti."

Akarudia, taratibu.

"Mwanamke anatamani kiti cha mume? Hakuna kwenda Homa Bay."

Dada aliinama akachochea moto. Macho yake yalilowa, nikadhani ni moshi. Mimi niliogopa kunguru. Baba aliogopa kiti.