Ubao Mmoja wa Menza

Tangu asubuhi Menza, mwandishi wa programu za kompyuta, alihangaika chumbani mwake mtaani Kuze kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliiuliza getpwnam, fankshani ya lugha ya C inayosaka majina katika orodha ya watumiaji, habari za Beryl, kisha za Maxwell. Alipochapisha majibu, akatoka Maxwell mara mbili!

"Beryl umemtia wapi, mwizi we?" akaifokea fankshani.

Dirishani ikaingia sauti ya ustadhi wa madrasa ya jirani: "Nakilini upesi, nafuta ubao!"

Menza akaganda. Kumbe fankshani nayo ina ubao mmoja tu. Jibu jipya hufuta la kwanza, naye hakunakili.

Akajikuta anapapasa makalio. Kosa hilo hilo ndilo alilochapiwa bakora na ustadhi huyo huyo, akiwa na miaka saba.