Kiswahili Kilivyomtoka Babu

Harufu ya maganda ya kahawa mbichi, yale yaliyorundikwa nyuma ya zizi yakaanza kuchachuka, ndiyo Marangu yangu. Wengine wakitajiwa Kilimanjaro wanaona theluji. Mimi pua ndiyo inayokumbuka. Tuliishi Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, na kila likizo ya Desemba Baba alinipandisha mlimani nikakae na wazazi wake. Nyumbani kwetu Kichagga kilikuwa marufuku. Baba alikuwa mwalimu, na akishasema amesema: lugha mbili zitamchanganya mtoto darasani. Mama ni Mpare, hakuona sababu ya kubisha. Kwa hiyo mimi na Babu tulikutana kwenye Kiswahili, na chake kilikuwa kitamu, kizito, chenye lafudhi ya mlimani. Alikatakata migomba ya kulisha ng'ombe huku akinidadisi habari za mjini, na nikimdanganya alijua, akanicheka mpaka panga likamponyoka.

Desemba ile niliyokuwa nimemaliza darasa la nne, mambo yaligeuka. Nilimwamkia, akaitika marahaba vizuri tu. Nikamwambia nimekuwa wa pili darasani. Akanitazama mdomoni. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. "Pole pole, mjukuu wangu." Nikasema pole pole. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua matumizi yake, kisha akainamia migomba yake. Nilidhani ni utani, maana kwa utani Babu hakuwa na mpinzani. Nikangoja aangue kicheko, lakini hakucheka.

Watu wazima wakaamua kwamba masikio yake yamekufa, basi wakawa wanampigia kelele. Baba mdogo alipokuja kula Krismasi alipayuka hadi majirani wakazijua siri zetu zote, kisha akatania, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Wakacheka. Upuuzi mtupu! Babu alimsikia ndama akilia kabla yetu sote. Alisikia jembe likigonga jiwe kwenye kihamba cha jirani, kule migombani ng'ambo ya mfereji. Na Bibi alipomwambia jambo kwa Kichagga, bila kupaza sauti, tena akiwa amempa mgongo, alijibu papo hapo. Sauti zilikuwa zinaingia. Kiswahili ndicho kilichokuwa hakifunguki tena. Alikipata ukubwani, alipokuwa akifanya kazi mjini, na uzee ulipobisha hodi kilikuwa cha kwanza kuondoka. Siku ya Krismasi nyumba ilijaa sisi wajukuu wa mjini, tukisema wote kwa pamoja, na yeye katikati akicheka tulipocheka, kila mara akichelewa kidogo. Bibi alipokwenda jikoni kupakua mtori, macho ya Babu yaliganda mlangoni mpaka aliporudi.

Nilimtaka Babu yangu. Nikambana Bibi jikoni anifundishe Kichagga, naye akaanza na maji, moto, ng'ombe, njoo ule. Siku nilipomwita Babu kula kwa lugha yake, jamani, alipiga makofi! Alinishika mikono yote miwili akaanza kusema, akasema, akasema, mengi aliyokuwa ameyaweka tangu nifike, na mimi sikuambulia hata neno moja. Niliona furaha ikimtoka usoni alipogundua. Bado nilishikilia maneno yangu machache, nikayarudia hata kitandani. Baba alipokuja kunichukua nikamkaribisha nayo kwa madaha. Hakunipiga wala hakufoka. Alisema tu, "Hayo yaache huku huku." Masika hayakuisha, Babu akafariki, na yale aliyoniambia siku ile Bibi mwenyewe hakuwa karibu kuyasikia.

Sasa mzee ni Baba. Mama ametangulia, nami nimerudi Shirimatunda kumtunza. Ilianza na redio, ambayo siku moja aliizima akisema watangazaji wa siku hizi wanakimbiza maneno. Ikafuata mahubiri. Sasa ni mimi. Huyu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, aliyenichapa kwa insha mbaya, namwambia "Baba, uji unapoa," ananitazama mdomoni. Daktari alinieleza kwamba sikio la mzee laweza kukusanya sauti, ila kichwa kinachelewa kulitambua neno, na lugha iliyokuja baadaye mara nyingi ndiyo inayotangulia kuchoka. Tukamtafutia vifaa vya masikio. Vikamletea honi za bodaboda na mbwa wa jirani, maneno yakabaki palepale. Nina hasira, nisifiche. Mkataa kwao ni mtumwa, wanasema. Aliyekataa ni yeye, na utumwa nimeurithi mimi. Najaribu kujifunza Kichagga, lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nimeshakauka. Babu alikuwa na nafuu, maana alikuwa na Bibi mchana kutwa. Baba ana dada yake, Shangazi, anayeshuka kutoka Marangu magoti yakimruhusu.

Alishuka wiki iliyopita na mkungu wa ndizi. Alimsogelea kaka yake, wakaanza, na uso wa Baba ukafunguka. Alitania, alibisha, aligonga meza. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo miezi mingi. Kisha akaishusha, akasema kwa kirefu huku akinitazama, na Shangazi akaacha kucheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Anauliza amekukosea nini, mwanangu, mbona siku hizi humsemeshi."

Tangu alfajiri nilikuwa nikimsemesha.