Niliokoka Mara Tatu

Nakumbuka Jumapili ile nilipopita mbele kanisani kuokoka kwa mara ya tatu. Usicheke, mwanangu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mkutano wa injili Mpwapwa, ya pili kijijini kwetu, na zote nililia mpaka kitenge kikalowa. Nikirudi nyumbani, moyo ni uleule.

Sababu nilikuwa naijua. Msimu mmoja, nikiwa msichana, nilisogeza miiba ya uzio wa Mama Yohana, jirani yetu, nikaingia shambani kwake kuiba tikiti. Nikatoka mbio, miiba sikuirudisha. Mbuzi wakapita palepale, wakautafuna uwele uliobakiza siku chache tu uvunwe. Lawama ikamwangukia Mzee Ndahani, aliyekuwa akichunga mifugo ya kijiji kizima. Wakasema alilala malishoni, wakamnyang'anya kazi. Na mimi kimya, naimba kwaya!

Basi Jumapili hiyo Mwinjilisti Yakobo, mzee asiyependa maneno mengi, akaniona naja tena. Hakuniwekea mikono. Aliinama akaninong'oneza, "Binti, wewe tena? Mungu alikusikia tangu mara ya kwanza. Umemkosea nani mwingine?"

Nikamweleza yote. Aibu niliyoona, ardhi ingepasuka ningeingia.

"Mimi leo sina sala ya kukuongoza," akasema. "Nenda kwa Ndahani."

Nilikasirika, sikufichi. Kumlilia Mungu mbele za watu ni rahisi, wanasema amina na kukukumbatia. Ndahani nitamtazamaje usoni?

Hata hivyo nikaenda siku hiyohiyo. Nilimkuta uani kwake anasokota kamba. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga magoti, nikasema kila kitu. Akaiweka kamba chini. Halafu, mwanangu, mzee yule akalia.

"Miaka miwili najiuliza kama kweli nililala," akasema. "Hata mke wangu aliponiuliza, nilishindwa kumwapia."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku zote. Nilidhani nimemkosesha kazi tu, kumbe nilimfanya asijiamini mwenyewe! Tukaongozana mpaka kwa Mama Yohana, nikayarudia maneno yale mlangoni kwake. Alinifokea vibaya sana, na ilikuwa haki yake. Kabla mvua hazijaanza, Ndahani alikuwa amerudishiwa mifugo.

Siku hizi nakaa huku Nkuhungu, na kila Jumapili nawaona vijana wakipita mbele wanalia. Siwacheki hata kidogo. Ila wewe nakuambia: ukitubu, litaje kosa lenyewe, usiishie kusema "mimi mwenye dhambi" halafu ukakaa. Kisha umwendee uliyemkosea, maana yeye anaishi na lawama yako kila siku. Usimtume Mungu akakuombee radhi kwa jirani.

Mungu akupe miguu ya kwenda, mwanangu, na ukifika umkute mwenyewe bado yu hai. Amina.