Harusi ya Mekdes Iliyogoma Kunakiliwa

Harusi ya mwanamke mwingine ndiyo iliyokuwa ikiua bakapu yetu kila usiku.

Na kompyuta iliyokuwa imeishikilia ilikuwa ya mchumba wangu.

Ngoja niende taratibu.

Naitwa Hirut. Kompyuta sikusomea darasani, nilijifunza mwenyewe kwa kufungua na kuharibu. Natunza mitambo ya studio ya video za harusi hapa Addis, mtaa wa Haya Hulet, juu ya duka la mikate. Harusi zote tunaziweka kwenye diski kuu moja, na wahariri wote wanachota humo. Usiku, watu wakishaondoka, bakapu inapita yenyewe na kunakili kila kitu kwenye diski ya pili.

Msimu ule ikagoma.

Na ulikuwa msimu mbaya wa kugoma. Mfungo mkuu ulikuwa unakaribia, na kwenye mfungo hakuna anayeoa, kwa hiyo watu walikuwa wanaoana kama wanafukuzwa. Diski kuu nayo imezeeka, imeanza kutoa mlio.

"Hirut mwanangu," bosi wetu, Gashe Demissie, akaniambia, "hiyo kitu inakoroma kuliko baba mkwe wangu. Ikikata roho leo, maharusi nitawaambia nini? Warudi kanisani waanze upya?"

"Naishughulikia, Gashe."

"Fanya haraka. Mimi mzee, siwezi kukimbizwa na mama wakwe barabarani."

Mimi hubadilisha kitu kimoja kimoja, ili nijue kipi kimeponya. Nikabadilisha waya. Ikafeli. Nikaongeza nafasi. Ikafeli. Nikaweka nywila upya. Ikafeli vilevile.

Ndipo nikaacha kuuliza kwa nini inafeli, nikauliza inafelia wapi.

Palepale, kila usiku. Kwenye folda ya Mekdes.

Tunapanga harusi kwa jina la bibi harusi, na kwenye alfabeti yetu herufi ya Mekdes ni ya nne. Bakapu ikifika hapo inakuta faili limefunguliwa na mtu, inasubiri, inachoka, inakufa. Harusi zote zinazomfuata, yaani karibu zote, zikawa hazina nakala.

Nikaiuliza seva, kompyuta inayoendesha diski kuu: nani kalishika hili faili?

Surafel.

Mchumba wangu, mpiga video na mhariri wetu. Nilikaa chini.

Mekdes namjua. Alikuwa na Surafel miaka mingi kabla yangu. Alipoolewa mwaka jana, Gashe alimtuma Surafel akapige harusi hiyo, naye hakukataa. Hilo nilikuwa nimelimeza. Lakini harusi ya mwaka jana inafunguliwa kila siku ya nini?

Na Jumapili wazee wa Surafel walikuwa wanakuja kwa mjomba wangu kuniposa.

Tulishuka kunywa kahawa. Nikamuuliza kwa upole, "Unahariri harusi za nani siku hizi?"

"Za wiki hii tu. Macho yangu yameshakuwa ya samaki wa kukaanga."

"Za zamani hakuna?"

Akaanza kukoroga kahawa yake ya makiato. Hakuwa ametia sukari.

"Za zamani za nini?"

Nikaanza kujipima na Mekdes palepale mezani: shingo yake ile, kicheko chake kile. Mimi nina vumbi la seva kwenye kucha.

Nikampigia mjomba. "Wazee wakija Jumapili, waambie warudi siku nyingine."

"Hiyo huwa tunawaambia kwa maringo tu, mwanangu. Au wewe unamaanisha?"

"Nipe mpaka kesho."

Ningeweza kulifunga lile faili kutoka kwenye seva, kubonyeza mara moja tu. Bakapu ingepita. Lakini ningejua nini?

Kwa kawaida naondoka alasiri. Kesho yake nikabaki. Surafel alikuwa ametoka na kamera tangu mchana, chumba chao cha kuhariri kitupu.

Saa kumi na moja nikasikia ngoma za harusi zinatoka mle ndani.

Nikasukuma mlango.

Mwanamume mwenye suti alikuwa amekaa kwenye kiti cha Surafel. Kwenye kioo cha kompyuta, Mekdes, na shela lake, amesimamishwa akitazama kamera moja kwa moja.

"Surafel, njoo uone hapa tena," akasema bila kugeuka.

"Si Surafel. Wewe ni nani?"

Akashtuka. Kisha akanyoosha kidole kwa bwana harusi aliyesimama pembeni ya Mekdes, mashavu yamejaa keki. "Ni mimi huyo. Endale."

Nikamlinganisha na yule wa kwenye kioo.

"Dada, wewe unaonekana fundi," akasema. "Niambie kweli. Hapa mke wangu anamtazama nani?"

Swali langu lile lile, kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Nikavuta kiti. Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Nyuma ya kamera, Surafel akasema: "Bibi harusi, nitazame mimi. Tabasamu."

Nikafungua harusi nyingine. "Nitazame mimi. Tabasamu." Nikafungua nyingine. Vilevile, na macho yaleyale. Kwenye ya mwisho alikuwa bibi wa bi harusi, hana meno ya mbele. "Bibi, nitazame mimi." Bibi akakonyeza.

Endale akacheka mpaka akafuta macho. Kisha hakuacha kuyafuta.

"Mekdes amerudi kwao," akasema.

"Kwa ajili ya nini?"

"Nilikuwa namuuliza swali hili kila siku."

Surafel akaingia na kamera begani, akatukuta. Akaniangalia mimi kwanza.

"Uliniambia hakuna harusi ya zamani," nikasema.

"Ningesema nini, Hirut? Kwamba mume wa mtu anakuja kulia kwenye kiti changu? Alikuja kuchagua picha za albamu, akashindwa kuondoka. Kaniomba nisimwambie mtu, nikampa ufunguo awe anakuja jioni. Anasimamisha video, anaacha kila kitu wazi, anakwenda zake."

Yote yaliingia mahali pake. Likabaki moja.

Nikafungua mdomo nimuulize: na wewe siku ile, nyuma ya kamera, ulikuwa unamtazama vipi?

Endale akaniinulia macho. Yalikuwa mekundu.

Nikaufunga mdomo.

"Fungeni hilo faili," nikasema. "Nataka bakapu ipite."

Ikapita. Wiki iliyofuata diski kuu ikakata roho kweli, na harusi zote zikarudi kutoka kwenye nakala. Gashe alinikumbatia mbele ya wateja. Na Jumapili ile ya posa mjomba aliwaambia wazee warudi siku nyingine, kwa maringo tu, kisha akawamiminia kahawa.

Endale sijui kama alimrudisha mkewe. Hakuja tena kuangalia ile video, nami nalihesabu hilo kuwa jema.

Nilichojifunza ni kidogo. Kosa la mashine litafute mpaka ulione kwa macho, usimtwike mtu kwa kuwa tu ulikuwa unamshuku tangu zamani. Na mtu akishakujibu swali la wivu, lipumzishe. Ukilirudia kila siku, jibu halitaongezeka, atakayepungua ni yeye.

Mimi na Surafel tumeoana. Harusi ya Mekdes ipo kwenye seva, nakala mbili, na nywila ninayo mimi.

Leo sijaifungua.