Pale Ng'ombe Walipokataa Kupita

Harufu ya udongo uliopinduliwa na jembe hunirudisha Kalama, kwenye shamba ambako baba alizika sanamu ya Maria. Ilikuwa ya susu, bibi yangu, mama mzazi wa baba, aliyekuwa Mkatoliki. Baba alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti, naye alichoka kumkuta mama yake akiipigia magoti.

“Mama, hii haisikii,” alisema, akishindilia udongo kwa mguu.

“Simwabudu, mwanangu. Namwomba atuombee tu.”

Mvua iliponyesha tukaenda kulima, susu akiwa nasi. Ng'ombe wetu wawili, wakivuta plau, walifika pale sanamu ilipozikwa wakasimama. Baba aliwachapa, wakatetemeka wakitazama chini, lakini hawakukanyaga. Baba akashika jembe, akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Hapakuwa na kitu.

“Susu, ni wewe uliyeitoa?” nilimnong'oneza.

Alitikisa kichwa, macho yamemtoka kwa hofu, kisha akamgeukia baba.

“Umempeleka wapi Mama Maria?”

Baba, ambaye siku zote alikuwa na aya ya kumjibu, alitoka shimoni akaanza kulifukia. Msimu ule tulilima shamba lote isipokuwa pale.